Jiko la Wakili Threlfall

Wanangu, mtu aliyewahi kufanya kazi ya kutembeza wageni utamtambua kwa anavyotembea kinyumenyume. Mimi hadi leo naweza kutoka sebuleni mpaka mlango wa mbele nikiwa nimevipa mgongo viti, meza na stuli, huku naongea, na nisiguse hata kimoja. Wajukuu wangu hucheka mpaka wanakaa chini. Wacheke tu. Kinyumenyume hicho ndicho kilichonilisha.

Mlioniomba niwasimulie kazi yangu mlidhani nitaanza na Morogoro, nilikofundisha shule ya msingi, halafu ndege, halafu theluji ya kwanza. Hayo kila mtu anayo. Mimi nitawasimulia kuhusu nyumba moja ya matofali mekundu karibu na Bladensburg, ng'ambo ya jiji la Washington, na mwanaume aliyeijenga, ambaye alikuwa marehemu zamani sana kabla babu yangu hajazaliwa. Nimeishi na mwanaume huyo kazini kwa miaka mingi kuliko wengi wenu mlivyoishi na wenzi wenu, kwa hiyo naomba mniruhusu nimseme.

Jina lake Obadiah Threlfall. Alikuwa wakili, mfanyabiashara, na mjumbe wa baraza la kutunga sheria la Maryland. Kwa lugha yetu, mbunge. Karne ya kumi na tisa alikuwa mtu mzito. Nilipofika mimi, mwishoni mwa miaka ya tisini, alikuwa picha kubwa ya mafuta ukumbini, yenye ndevu za shavuni na macho ya mtu aliyechelewa kuletewa chai.

Kazi niliipata kwa sauti yangu. Mume wangu alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu kule Fairfax, na mimi nilikuwa nimechoka kukaa ndani nikiangalia maegesho ya magari. Nikaona tangazo maktaba: nyumba ya kihistoria inatafuta watembeza wageni. Mkurugenzi, Bwana Whitlow, mtu mpole mwenye tai ya kipepeo, alinisimamisha ukumbini, yeye akaenda chumba cha mwisho, akaniambia nisome karatasi aliyonipa. Mwalimu wa darasa la watoto wanaobanana watatu kwenye dawati moja haongei kwa kunong'ona. Alirudi akiwa ameshika sikio. Akaniambia nianze Jumamosi.

Jumamosi hiyo nilivunja rekodi ya makosa ya nyumba ile. Kosa la kwanza: nilimuua Bwana Threlfall kabla hajachaguliwa ubunge. La pili ni lile ambalo wenzangu walinitania mpaka nilipostaafu. Chumbani juu kulikuwa na chombo kizuri cha kaure, cheupe, chenye maua ya bluu, mkono mmoja na kifuniko. Mgeni mmoja akauliza ni cha nini. Nikajibu kwa uhakika wote wa ualimu kwamba ni bakuli la supu, bwana mkubwa alipenda kula supu kitandani. Bibi mmoja mzungu, mwenye fimbo, akanisogelea taratibu.

"Mpenzi wangu," akasema, "naomba Mungu huyo bwana awe hakuwahi kuila. Hicho ni chombo cha kukojolea usiku."

Somo la kwanza, wanangu: usichokijua, usikipe jina zuri.

Aliyenifundisha kazi hasa ni mama mmoja Mmarekani mweusi, mzaliwa wa papo hapo Bladensburg. Wote walimwita Miss Odessa. Mimi nilishindwa kumwita hivyo mwanamke wa rika la mama yangu, nikamwita Mama Odessa, akaonekana kupenda. Alikuwa amestaafu ofisi ya serikali mjini na alivaa kofia siku zote, hata ndani. Siku ya supu alinichukua nyuma ya nyumba, akacheka kwanza mpaka akamaliza, ndipo akanipa somo.

"Salome, mtembeza wageni ana mifuko mitatu," alisema. "Mmoja wa tunayoyajua. Mmoja wa yanayosemekana. Mmoja wa nisiyoyajua. Kabla hujafungua mdomo, jua unachomoa kwenye mfuko gani, na mgeni naye umwambie. Watu hawakasiriki ukisema hujui. Hukasirika wakigundua baadaye."

Somo lake la pili lilikuwa kwamba nisianze na tarehe. "Hakuna aliyewahi kumpenda mtu kwa sababu ya tarehe," alisema. "Anza na kitu alichokitaka."

Basi niwaambie Threlfall alitaka nini. Tunajua kwamba baba yake alikuwa fundi wa mapipa, wakati bandari ya Bladensburg ilipokuwa inakufa, maana mto Anacostia ulikuwa unajaa tope na meli hazifiki tena. Bandari isiyo na meli haihitaji mapipa. Kijana akaamua kwamba yeye hatategemea maji. Akaenda kufagia ofisi ya wakili mmoja, akawa anasoma vitabu vya sheria akimaliza kufagia, mpaka akaruhusiwa kusimama mahakamani. Inasemekana kesi yake ya kwanza ilikuwa ya nguruwe aliyedaiwa kuibiwa, na kwamba aliomba nguruwe afunguliwe uani, na nguruwe akaenda moja kwa moja nyumbani kwa mshtakiwa, mteja wake. Hiyo ya nguruwe wageni waliipenda kupita zote. Mama Odessa alinikataza kabisa kuitoa kwenye mfuko wa kwanza.

Biashara yake ilikuwa kama homa, ikipanda inapanda. Alikuwa na tanuri la matofali, na hisa za reli, na hayo yalimfaa. Kisha akaambiwa kwamba hariri itazalishwa Marekani, akapanda kilima kizima miforosadi, ambayo majani yake ndiyo chakula cha viwavi wa hariri, na viwavi wenyewe akawaagiza. Baridi ya kwanza viwavi wakafa wote. Miti ikabaki. Mforosadi mmoja ulikuwapo bado uani enzi zangu, na kila Juni matunda yake yalitupaka zambarau viatu.

Na alimiliki watumwa. Hilo nalo ni la mfuko wa kwanza, lakini maelezo tuliyopewa na ofisi yalilipitia kwa sentensi moja, kama mtu anayevuka dimbwi kwa kuinua gauni. Aliyepika katika nyumba ile alikuwa mwanamke aitwaye Hester. Jiko alilopikia lilikuwa nyuma, limeunganishwa na nyumba kwa ukumbi mfupi, na siku zile lilikuwa stoo ya viti vya plastiki.

Mama Odessa alikuwa ameomba jiko lifunguliwe tangu kabla sijafika. Kanisani kwao wazee walikuwa bado wanamsimulia Hester. Kila mwaka alimwomba Bwana Whitlow, na kila mwaka Bwana Whitlow alijibu kwa upole uleule: wageni wanakuja kuona taa za kioo, sakafu ya jikoni haiko sawa, na bima itasemaje? Mkurugenzi yule aliogopa bima kama mimi ninavyoogopa nyoka.

Halafu zikaja kaseti. Nyinyi mna simu. Sisi mwaka ule tuliletewa vinasa sauti vidogo vyenye waya wa masikioni. Mwigizaji mmoja alikuwa amerekodi maelezo yote, na mgeni alitakiwa kutembea mwenyewe, akisikia kengele anahama chumba. Wageni walikuwa wanapungua, na bodi ya nyumba ilitaka kuona kama kaseti zinaweza kufanya kazi yetu. Zikionekana zinaweza, sisi tungekwenda nyumbani.

Sitaki kuzisema vibaya kaseti, hazipo kujitetea. Ila binadamu hatembei kwa kengele. Mmoja anasimama kufunga kamba ya kiatu, mwingine anarudi kutazama picha, na mara sauti na nyumba zinaachana. Nilimwona bwana mmoja amesimama mbele ya choo cha wageni, ameinamisha kichwa kwa heshima, anasikiliza habari za kifo cha mke wa Threlfall.

Katika wasiwasi huo ndipo nilipokutana na Mama Wanjiku, kwenye harusi moja Fairfax. Alikuwa Mkenya wa Nyandarua anayeishi Sterling, kazi yake kuwatunza wazee majumbani mwao, na mwenyekiti wa akina mama wa kanisa lao. Nilipomwambia ninapofanya kazi alinishika mkono.

"Wee! Wale wazee wangu huniuliza kila siku kama nimeona nyumba za kale za hapa. Mimi nimeona Sterling, na barabara ya airport, na Sterling tena. Tutakuja. Lakini utatuambia kwa Kiswahili, sindiyo? Nimechoka kusikiliza Kizungu wiki nzima, Jumamosi pia nakisikiliza?"

Nikamwendea Bwana Whitlow. Nikamwambia kuna kundi kubwa linataka kuja, na kaseti haijui lugha yao. Akafikiri. Akasema sawa, lakini atakuwapo, kwa sababu mjumbe mmoja wa bodi amesema anataka ripoti ya kazi yetu kabla ya kuamua. Nikalala vibaya wiki ile, maana sikuwahi kumsema Threlfall kwa Kiswahili. Jaribuni wenyewe kueleza hisa za reli kwa akina mama waliovalia kama wanakwenda kuchukua bibi harusi.

Walikuja na magari mengi, na vitambaa vya kichwani, na chupa za chai. Walikuwa Wakenya, Watanzania, na familia mbili za Wakongo pamoja na Papa Célestin, shemasi, aliyevaa suti ya rangi ya samli. Watoto walinisalimu kwa Kiingereza, mama zao wakawafinya, wakaniamkia kwa Kiswahili. Bwana Whitlow alisimama nyuma na tai yake. Mama Odessa alikaa kwenye kiti cha mlangoni, na kofia yake.

Nilianza na fundi wa mapipa na mto uliojaa tope. Wakatikisa vichwa, bandari iliyokufa inaeleweka kila mahali. Nikaenda kwenye hariri.

"Ati alifuga viwavi?" akauliza Mama Wanjiku.

"Wa hariri. Aliambiwa watamtajirisha."

"Kama sungura wa shemeji yangu! Yeye pia aliambiwa. Waliishia kwa sufuria wote."

Kucheka kukaanza hapo. Nikaingia ubunge. Tunajua kwamba Threlfall alisimama uchaguzi baada ya uchaguzi, na kila mara aliwaahidi watu daraja jipya la kuvuka Anacostia, la mawe, lenye matao. Nikasimulia alivyopanda juu ya gogo akawaonyesha kwa fimbo litakapoanzia na litakapoishia. Papa Célestin akainua kidole.

"Bon, mama. Na ile daraja, waliijenga ao hapana?"

"Hapana, Papa."

Chumba kililipuka. Mwanamke mmoja wa Tanga alilazimika kuushika mlango. "Basi huyu ni mheshimiwa kabisa!" akapiga kelele Mama Wanjiku. "Huyu namjua! Huyu nilimpigia kura!" Bwana Whitlow aliniangalia kwa hofu ya mtu anayedhani kuna kitu kimevunjika. Mama Odessa aliniuliza kwa macho. Nikamnong'oneza, naye akafunika uso kwa kofia.

Kwenye ngazi nikasimulia kesi ya Charity. Hii nayo tunaijua. Charity alikuwa mwanamke aliyeshikwa utumwani ingawa mama yake alikuwa ameachwa huru kabla hajamzaa. Akafika kwa Threlfall, Threlfall akaichukua kesi yake, akasimama mbele ya majaji, akashinda. Charity akatoka mahakamani akiwa mtu huru. Wakapiga makofi, wengine wakasema amina, na mimi nikawa nimefika mwisho wa maelezo. Kwenye karatasi ya ofisi, na kwenye kaseti, hapo ndipo mgeni anapoonyeshwa mlango wa kutokea.

Mama Wanjiku hakuondoka. Alitazama kulia, akatazama kushoto.

"Mwalimu," akasema, "tumeona pa kukaa na pa kulala. Jiko liko wapi?"

"Limefungwa, mama. Limejaa viti."

"Umewahi kuona nyumba ikatembelewa na wanawake wasione jiko? Huyu mtu alikuwa anakula wapi? Viti tunabeba."

Nikamgeukia Bwana Whitlow, nikamwambia wageni wanaomba kuona jiko.

"Lakini mle hamna kitu," akasema.

Mama Odessa hakuinua sauti. "Mna jiko," akasema.

Bwana Whitlow aliwatazama akina mama. Walikuwa wameshavua mitandio na kujifunga viunoni. Nadhani alielewa kwamba hapo hakuna lugha itakayomsaidia. Akatoa funguo.

Viti vilitoka mkononi kwa mkono kupitia ule ukumbi mfupi mpaka kwenye majani, Papa Célestin akivipanga kwa mistari kana kwamba kuna ibada. Tukaingia. Lilikuwa jiko la matofali meusi kwa moshi, meko pana mtu anaweza kuingia akiinama, ndoano ya chuma ya kuning'inizia chungu, na ngazi nyembamba ya kupanda darini alikolala mpishi. Mama mmoja alipitisha kiganja kwenye jiwe la kizingiti cha meko. Lilikuwa limelika katikati, mahali pa kusimama.

Nikawaambia hapa alisimama Hester. Alikuwa mtumwa wa Bwana Threlfall. Neno hilo kwetu halihitaji maelezo. Nilipolitamka kicheko chote kiliondoka chumbani kama ndege.

"Yule yule?" akauliza Mama Wanjiku. "Yule wa kumtetea Charity?"

"Yule yule. Alishinda kesi, akarudi nyumbani, akala chakula cha Hester."

"Na Hester alijua? Alijua kwamba mwenzake ametolewa?"

Nikatafuta mifuko yangu. Nikasema sijui. Mama Odessa, aliyekuwa ametufuata na kusimama kando ya meko, akaniuliza wanasema nini. Nikamfasiria.

"Waambie alijua," akasema. "Nani alipika karamu ya ushindi? Waambie hilo haliko katika mfuko wowote. Ni mimi Odessa ninayesema."

Nikawaambia. Hakuna aliyesema amina safari hii. Mama wa Tanga alimwendea Mama Odessa akamshika mkono, hawakuwa na lugha moja, wakakaa hivyo.

Sikuweza kuwaacha pale, na Hester mwenyewe hakuishia pale. Nikasimulia yanayosemekana kanisani kwa Mama Odessa: kwamba Maryland ilipofuta utumwa, Hester alizima moto, akafunga kibwebwe, akaondoka kwa mlango wa mbele ambao hakuwahi kuutumia. Akaanza kuuza mikate na maandazi ya matufaha kandokando ya reli, pale treni iliposimama. Na inasemekana kwamba mmoja wa wateja wake wa kila asubuhi alikuwa mheshimiwa mwenyewe, kwa kuwa hakujua hata kuchemsha yai. Hester hakumkataa. Alimwambia tu asimame kwenye foleni, nyuma ya wapakiaji wa makaa.

Vigelegele! Wanangu, nyumba ile haikuwa imewahi kusikia vigelegele tangu ijengwe. Bwana Whitlow aliruka. Watoto waliokuwa uani walikuja mbio kuona nani ameolewa.

Walipoondoka, baada ya chai yao kwenye majani na viti vyetu, Bwana Whitlow alinikuta nafagia majani ya mforosadi ngazini.

"Sikuelewa hata neno," akasema. "Niambie mambo mawili. Walicheka nini pale kwenye ubunge, na mle jikoni walinyamazia nini?"

Nikamwambia yote, pamoja na daraja, pamoja na karamu ya ushindi. Alinisikiliza akiwa amesimama, halafu akakaa kwenye ngazi na suruali yake safi. Akasema kwamba amefanya kazi nyumba ile miaka yote na amekuwa akiwaongoza watu kwenye mlango wa kutokea mahali ambapo hadithi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Na kwa bodi aliandika ripoti ambayo mjumbe mmoja aliiita ya kichaa, na viti havikurudi jikoni.

Hatukushinda vita vyote. Bodi iliweka kaseti siku za Jumanne, na mwenzetu mmoja alihamishiwa duka la zawadi, akanuna mwaka mzima. Lakini Jumamosi zilibaki zetu, na akina Mama Wanjiku waliwaambia wengine, wakaja Wakenya wa Baltimore, wakaja watu wa ubalozi na wake zao, na wageni wa Kiingereza nao wakaanza kuuliza, hilo jiko linalosemwa liko wapi? Nikajifunza kulisimulia kwa lugha zote mbili. Kwa Kiingereza watu hawapigi vigelegele, ila huwa wanakaa chini.

Siku Bwana Whitlow alipomletea Mama Odessa habari kwamba jiko sasa liko rasmi kwenye ziara, nilitegemea atamshukuru. Alirekebisha kofia.

"Vizuri," akasema. "Sasa nataka moto."

"Moto?"

"Jiko lisilo na moto ni stoo bila viti."

Bwana Whitlow aligeuka rangi, akataja bima. Mama Odessa alingoja. Ni mtu aliyejua kungoja. Ikapita baridi, ikapita masika, barua zikaenda na kurudi, akaja mtu wa kupima bomba la moshi, akasema linafaa. Kumbe huyo alichungulia kwa chini tu.

Tukatangaza Jumamosi ya mkate. Wageni walijaa: wazungu wenye kamera, watu wa kanisa la Mama Odessa kwa suti zao nzuri, Mama Wanjiku mbele kabisa akiwa amebeba chapati zake endapo mkate utashindikana. Mama Odessa alivaa aproni juu ya gauni, akapanga kuni kwa namna aliyoonyeshwa na bibi yake, akawasha. Moto ulishika vizuri sana. Moshi ukapanda, ukakutana na viota vya ndege vya miaka na miaka huko juu, ukaamua kurudi.

Ulirudi wote. Ulijaa jikoni, ukapita ule ukumbi mfupi, ukaingia sebuleni, ukapanda ngazi za Charity, ukamfunika Bwana Threlfall ndevu na macho pale ukutani. Kengele za moto zikalia kila chumba. Tulitoka sote tukikohoa, wengine kwa madirisha, Papa Célestin akiwa amembeba bibi mmoja asiyemjua. Bwana Whitlow alitoka wa mwisho, tai imelegea, masizi usoni, ananiuliza kama tumehesabu watu. Watu walikuwapo wote.

Mama Odessa alikuwa amekaa kwenye majani, kofia imepinda, anacheka machozi yanamtoka. Bwana Whitlow akainama kumuuliza kama ameumia. Akatikisa kichwa, akainyoshea kidole nyumba nzima, moshi ukitoka kila dirisha la mbele.

"Leo," akasema, "hata sebule imejua kuna jiko."